Mtoto wa Upande wa Pili wa Fimbo

Geneva, kwenye makao makuu ya Shirika la Afya Duniani, kuna sanamu ya shaba. Nyingine kama hiyo iko Washington, kwenye Benki ya Dunia. Inaonyesha mzee kipofu anatembea huku ameshika fimbo. Mbele yake anatembea mtoto wa kiume, naye ameshika ncha ya pili ya fimbo hiyo hiyo. Mtoto anaongoza, mzee anafuata.

Sanamu hiyo ni kumbukumbu ya vita dhidi ya usubi, ugonjwa ambao wengine wetu tunaujua kwa jina la upofu wa mto. Ukiuliza inamhusu nani utaambiwa inawahusu vipofu, au inahusu dawa iliyopatikana. Ni kweli. Lakini mimi kazi yangu ni vijana, basi kila nikiona picha yake macho yangu yanaenda kwa yule mtoto. Saa hiyo wenzake walikuwa wapi? Na jioni akirudi, nani alimuuliza habari za siku yake?

Makala hii ni historia ya mtoto huyo. Tutapita sehemu tatu: kwenye mito ya Afrika Magharibi, halafu Kagera huku huku Tanzania, halafu hapa kwetu Nyarugusu. Nina jambo moja tu la kusema. Kila mara ugonjwa wa muda mrefu ulipoingia nyumbani, watoto walifanya kazi ya kuuguza. Na kila mara wenye daftari walimhesabu mgonjwa, wakamruka mtoto. Mmoja wa waliomruka ni mimi mwenyewe, nitafika huko.

Mtoni

Usubi unaletwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Wakimuuma mtu wanaacha viluwiluwi vya minyoo mwilini. Minyoo hao wakikomaa wanazaa wengine wadogo sana wasioonekana kwa macho, nao wanasambaa kwenye ngozi mpaka machoni. Mtu anawashwa miaka na miaka, ngozi inachakaa, mwisho macho yanazimika. Ugonjwa huu hauui haraka. Kipofu anaweza kuishi muda mrefu, na siku zote hizo anataka mtu wa kumfikisha shambani, kisimani, sokoni na kwenye ibada. Watu wazima wenye macho walikuwa na jembe mkononi. Mtoto ndiye aliyeonekana ana mkono mtupu, akapewa fimbo.

Mwaka 1974 ulianza mpango mkubwa wa kupambana na ugonjwa huo katika nchi 7 za Afrika Magharibi. Ndege na helikopta zilimwaga dawa mitoni kuua viluwiluwi vya inzi. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ikatangaza kwamba itatoa dawa ya Mectizan bure kwa kadiri itakavyohitajika. Mwaka 1995 ukaanza mpango mwingine kwa nchi nyingine za Afrika, zikiwemo Congo, Tanzania na Uganda, na huko vijiji vilichagua watu wao wenyewe wa kugawa dawa. Ule mpango wa Afrika Magharibi ulifungwa mwaka 2002. Matokeo yake yanayotajwa mara nyingi ni watu 600,000 waliookolewa wasiwe vipofu, na hekta milioni 25 za ardhi ya mabondeni ambayo watu waliweza kurudi kuilima.

Ni hesabu ya kujivunia. Lakini angalia kilichomo ndani yake: kuna macho na kuna ardhi. Watoto walioachia fimbo wakaenda shule hawamo. Na wale ambao hawakuhitaji kuishika kabisa, kwa sababu baba alimeza vidonge kwa wakati, hao nao hawamo. Dawa aliyomeza mtu mzima ilimfungua na mtoto, bila mtu kuiandika faida hiyo popote.

Kagera

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Ng'ambo ya mpaka, huko Rakai nchini Uganda, watu walikuwa wanaona wenzao wanakonda na kuharisha mpaka wanaisha, wakauita ugonjwa huo Silimu. Kagera wengine waliuita Juliana, jina la nguo za mtindo zilizokuwa zinakuja na biashara ya mpakani. Kabla watu hawajaelewa ni nini, walikuwa wameshazika sana.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Mgonjwa anaharisha usiku na mchana. Mashuka yanafuliwa kwa mikono. Maji yanatoka mbali. Uji unapikwa mara nyingi, kidogo kidogo, kwa sababu koo lina vidonda. Mtu anainuliwa, anaoshwa, anapelekwa chooni, anarudishwa. Hospitali zilijaa. Mwaka 1993 serikali ilianza kuwatoza wananchi sehemu ya gharama za matibabu hospitalini, kwa hiyo kulala wodini kukawa na bei. Wataalamu nao walikuwa wanahimiza mgonjwa ahudumiwe nyumbani, karibu na watu wake. Wazo halikuwa baya. Huko Uganda Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO mwaka 1987, mwaka ule ule aliofiwa na mumewe. Tanzania ikapata WAMATA mwaka 1989. Vikundi hivyo viliwapa watu heshima wakati majirani walikuwa wanaogopa hata kushika kikombe chao.

Ila neno "nyumbani" lina watu ndani yake. Baba amekufa, mama ndiye anayeumwa, bibi ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Anayebaki na nguvu za kubeba ndoo ni nani? Ni binti wa miaka 12. Serikali ikisema "familia itamhudumia", mashirika yakisema "jamii itamhudumia", mwisho wa safari ndoo inabebwa na huyo binti.

Tuna bahati kwamba Kagera kuna watu waliohesabu kwa makini. Kuanzia mwaka 1991 hadi 1994, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifuatilia kaya zaidi ya 800 za mkoa huo, wakirudi nyumba zile zile mara kwa mara kuuliza nani yupo, nani amefariki, watoto wanasoma saa ngapi kwa wiki. Walitaka kujua kifo cha mtu mzima kinaifanyia nini familia. Watafiti Martha Ainsworth, Kathleen Beegle na Godlike Koda walipochambua habari za shule wakakuta kitu ambacho wengi hawakukitegemea. Watoto wa miaka 7 hadi 14 hawakuonekana kuacha shule kwa sababu ya kifo. Majina yao yalibaki kwenye daftari. Kilichopungua ni saa walizokaa darasani, na zilipungua sana katika miezi ya kabla ya kifo. Baada ya mazishi saa zilielekea kurudi, ingawa wasichana waliofiwa na mzazi walipunguza tena saa zao mara baada ya msiba.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi. Miezi ya kabla ya kifo ni miezi ya kuuguza. Mtoto jina liko shuleni, mwili uko kando ya kitanda. Mwalimu akiita jina anaandika "hayupo", basi. Na katika miaka hiyo neno lililofungua milango ya misaada lilikuwa "yatima". Miradi ilitafuta yatima, ikaandika yatima, ikagawa sare na madaftari kwa yatima. Ilikuwa sawa kabisa kuwasaidia. Lakini maana yake ni kwamba binti aliyemwosha mama yake miaka miwili alitakiwa kumsubiri afe ndipo aonekane. Kabla ya hapo hakuwa na jina.

Mwaka 2004 Tanzania ilianza mpango wa kitaifa wa kutoa bure dawa za kupunguza makali ya VVU. Wagonjwa waliokuwa wanasubiri kufa waliamka wakarudi shambani. Kama ilivyokuwa mtoni, mama alipoinuka kitandani, mtoto naye aliachiwa mkono.

Jina linapatikana, na ugomvi wake

Waliompa mtoto huyu jina rasmi walikuwa Waingereza. Mwaka 1993 Jo Aldridge na Saul Becker walitoa utafiti wao juu ya watoto wa mji wa Nottingham wanaowahudumia wazazi wagonjwa au wenye ulemavu. Mwaka 1995 sheria ya Uingereza ikawataja watu wanaowauguza ndugu zao, na watoto wakiwemo, kwamba nao wana haki ya kuangaliwa mahitaji yao. Kwa hiyo hata nchi tajiri yenye hospitali za bure ilikuwa na watoto hawa miaka yote bila kuwaona.

Lakini si wote waliofurahi. Jenny Morris na Lois Keith, waandishi wawili ambao wenyewe wana ulemavu, walilalamika mwaka 1995. Walisema hivi: mkimwonyesha mtoto kama shujaa anayeteseka, mnamfanya mzazi mwenye ulemavu aonekane mzazi mbaya. Tatizo si mama asiyetembea. Tatizo ni kwamba mama hajapewa msaada ambao ungemwezesha kuwa mama. Wafanyakazi wa mashirika, naomba hapa mpasome mara mbili. Tukienda na kamera kumpiga picha mtoto anayesukuma kiti cha mama yake, tumeongea juu ya mama kama vile ni mzigo wa kuni.

Mwaka 2009 huyo Becker pamoja na Ruth Evans walitoa kitabu kinacholinganisha watoto wa Tanzania na wa Uingereza wanaowauguza wazazi wenye VVU. Watoto walieleza uchovu, siri na kejeli za wenzao. Walieleza pia ukaribu na mzazi, na kujivunia kazi wanayoiweza. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja, na anayeleta kimoja tu hajamsikiliza mtoto.

Sisi Waafrika tuliandika jambo hili hata kabla ya ile sheria. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto ulipitishwa mwaka 1990 ukaanza kutumika 1999. Kifungu cha 31 kinasema mtoto ana wajibu wa kuwaheshimu wazazi na wakubwa wake na kuwasaidia wanapohitaji. Wazee wetu wakisikia hicho wanatikisa kichwa kukubali. Lakini kifungu hicho hicho kinasema wajibu huo unapimwa kwa umri na uwezo wa mtoto. Na mkataba huo huo, kifungu cha 11, unampa haki ya elimu, na cha 12 haki ya kupumzika na kucheza. Hatuwezi kusoma kimoja tukafumba macho kwa vingine.

Nyarugusu

Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1996, vita vilipowakimbiza watu wa Kivu Kusini wakavuka Ziwa Tanganyika kuja Kigoma. Kambi ya Lugufu ilipofungwa mwaka 2009 wengi waliletwa hapa, na mwaka 2015 Warundi wakaingia kwa maelfu. Hayo wengi mnayajua kuliko mimi.

Ninachotaka tukione ni kile ambacho safari hiyo iliifanyia familia. Kijijini mgonjwa alikuwa na watu wengi: shangazi, mama wadogo, wifi, binamu, bibi wa nyumba ya jirani. Ukichoka wewe, anashika mwingine. Kwenye mtumbwi wanaingia waliokuwepo ufukweni saa ile. Wengine walikufa njiani, wengine walikwenda Uganda au Burundi. Tukiwa hapa, kaka mkubwa aliitwa kwenda Marekani na familia yake, tukamsindikiza kwenye basi tunalia. Familia ya watu 20 inabaki watu 3. Mmoja akiugua, wa pili akiwa mdogo, wa tatu ndiye kila kitu. Huyo ndiye anapanga foleni ya mgao, anakwenda bombani, anatafuta kuni, na usiku analala na sikio moja wazi.

Kwetu Congo mtu anayekaa na mgonjwa hospitalini tunamwita gadimalade, neno la Kifaransa tulilolifanya letu. Gadimalade anapika, anafua, analala chini ya kitanda. Hospitali zetu haziwezi kufanya kazi bila yeye. Ila gadimalade wa hospitali ana siku yake ya kuondoka. Wa nyumbani hana.

Sasa nifike kwangu. Kwenye kituo tunachofanyia kazi na vijana tuna kikundi cha maigizo na cha kusoma. Nafasi ni chache na wanaosubiri ni wengi, kwa hiyo tulikuwa na sheria: ukikosa mara tatu bila taarifa, jina linafutwa. Sheria hiyo niliiandika mimi. Nilimfuta binti mmoja wa miaka 15. Alikuwa mwigizaji mzuri kuliko wote, nami nikasema moyoni, huyu ameshapata mchumba, basi.

Miezi ikapita. Siku moja tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba kutangaza mashindano, nikamkuta. Mama yake alikuwa amepata kiharusi, upande wote wa kushoto umekufa. Hospitalini walimwelekeza binti amgeuze mama kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala. Ndani hamkuwa na saa wala simu. Nikamuuliza, unajuaje saa mbili zimefika? Akanionyesha kwa kidevu upande wa shule. Pale shuleni wanagonga rimu ya gari kila kipindi kikiisha. Anahesabu. Ikigongwa mara mbili anamgeuzia mama ubavu wa pili, ikigongwa mbili nyingine anamrudisha. Jumamosi na Jumapili anatumia jua.

Nilianza kusema maneno ya kazi, kwamba shule ni muhimu na nini na nini. Akaniangalia.

"Yaya, mimi sikuacha masomo. Niko nasikia kengele zote."

Sikuwa na jibu. Mama yake, aliyekuwa amelala anatusikiliza, ndiye aliyeongea. Alikuwa mwalimu huko Fizi. Kila asubuhi akioshwa anamuuliza binti vitenzi vya Kifaransa, akikosea wanarudia mpaka kipatikane. Akaniambia polepole, "Mwanangu, usiandike kwamba mimi ni shida yake. Andika kwamba tunahitaji mtu wa asubuhi."

Mtu wa asubuhi, ndilo ombi lote. Hakuomba mradi wala semina.

Nilirudi kituoni nikafungua daftari. Lilikuwa na alama mbili tu, yupo na hayupo. Nikaona ni daftari lile lile la Kagera. Tukaongeza alama ya tatu, herufi U, maana yake anauguza. Mwenye U hafutwi jina. Tunakwenda kwake, tunauliza. Nilidhani U zitakuwa mbili tatu. Mwisho wa mwezi wa kwanza zilikuwa zimezidi vidole vya mikono yangu yote miwili, na kati yao walikuwemo wavulana niliowaita wazembe mbele ya wenzao. Mmoja alikuwa anambeba baba yake mgongoni kwenda chooni. Nimewaomba msamaha mmoja mmoja.

Ndugu zangu mnaofanya kazi na mashirika, ninyi mnajua kwamba kwenye misimbo ya mahitaji maalumu ya UNHCR mtoto mlezi yumo tayari. Kwa hiyo sitaki tuombe fomu mpya. Ila msimbo haupigi hodi. Anayepiga hodi ni mimi na wewe, na tukiingia tunauliza nani mgonjwa, anaumwa nini, ana kadi. Tuongeze maswali matatu. Nani anamhudumia usiku? Huyo anayemhudumia ana miaka mingapi? Ni saa ipi ya siku ambayo akipata mtu wa kumshikia, angeweza kwenda shule? Tumuulize na mgonjwa mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye anayejua kinachokosekana. Mara nyingi ni kitu kidogo: kiti cha magurudumu kinachoweza kupita kwenye tope, beseni la pili, dawa ya presha isiyokatika, mtu wa kumpokelea mgao wake.

Na sisi wakazi tusingoje wageni. Kina mama wawili wa kanisa walikubali kukaa na yule mama Jumanne na Alhamisi mpaka saa saba mchana. Tuliwafundisha kumgeuza, na aliyewafundisha ni binti mwenyewe. Alisimama pale kama muuguzi mkuu, anawaambia shikeni hapa, msivute bega.

Siku mbili kwa wiki anakwenda shule. Mbili si tano, najua. Siku tatu zilizobaki bado yuko ndani anahesabu kengele, na jina lake kwenye daftari letu lina U mbele yake. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa bado zinatafuta mtu. Kama unakaa kijiji chetu na asubuhi una nafasi, njoo kituoni uulize. Tutakupeleka.